Nas na albamu yake ya pili: nani aliingia naye studio, na nani aliachwa mlangoni

Mgebuka wa Mwanga (Kigoma) ameanzisha uzi:

Wakuu, nawasalimu nyote. Kila mwaka humu jukwaani huzuka mabishano kuhusu Illmatic, albamu ya kwanza ya rapa Nas iliyotoka Aprili 1994, na kila mwaka mabishano hayo huishia palepale, kwamba baada ya hapo kijana wa Queensbridge, New York, alijiuza kwa redio na kumbi za starehe. Mimi sikubaliani na hukumu hiyo hata kidogo. Leo nimeamua kuandika kwa urefu juu ya albamu ya pili, It Was Written, iliyotoka tarehe 2 Julai 1996, kwa sababu naona watu wanaihukumu kwa wepesi wa baadhi ya midundo yake ilhali jambo kubwa zaidi limo katika orodha ya watu aliowaita waingie naye studio.

Nieleze kwanza nilivyoipata, maana ndiko kulikonifundisha kuisikiliza kwa namna hii. Mwishoni mwa mwaka 1997 kaka wa rafiki yangu alishuka stesheni hapa Kigoma akitokea Dar es Salaam, amechoka kwa safari ya daraja la tatu, na ndani ya begi lake kulikuwa na kaseti halisi yenye karatasi ya maelezo. Hakukubali kutuachia, ila alituruhusu kuinakili kwa usiku mmoja katika redio ya milango miwili. Kaseti tupu tuliyokuwa nayo ilikuwa ya dakika 60, yaani dakika 30 na ushee kila upande, kwa hiyo upande wa kwanza uliisha wimbo wa nane, Affirmative Action, ukiwa katikati. Tulimsikia rapa AZ akifungua, tukamsikia rapa mwenzake Cormega akipokea, tukaanza kumsikia Nas mwenyewe, halafu kitufe kikaruka na redio ikanyamaza. Kwa karibu miaka minne sikujua kwamba baada ya Nas kuna mtu wa nne katika wimbo ule, na kwamba mtu huyo ni msichana aliyekuwa na miaka 17 tu albamu ilipotoka, Foxy Brown, ambaye ndiye anayefunga kazi. Siku nilipopata diski na kuusikia wimbo mzima, niliurudia mpaka mama akauliza kama redio imeharibika. Tangu hapo sijawahi tena kusikiliza albamu bila kujiuliza ni nani yumo, ameingia kwa mlango upi na amewekwa wapi.

Jina la albamu kwa Kiswahili ni "Iliandikwa", na mtu aliyekulia Mwanga au Ujiji hahitaji kufafanuliwa. Mtu akifiwa, akipata au akikosa, wazee wetu husema limeandikwa. Utangulizi wa albamu ni igizo fupi la watumwa shambani wanaoamua kuasi, kisha unahamia kwa Nas na AZ wakizungumza kama vijana wa mjini wa siku zao. Ujiji yetu ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyopita Tabora hadi Bagamoyo ikiwa imebeba watu na pembe, na kwa sababu hiyo dakika zile mbili hatukuzisikia kama pambo. Tulizisikia kama mtu wa mbali sana anayezungumza habari ya nyumbani kwetu.

Sasa niingie kwenye hoja. Illmatic ilikuwa na utangulizi na nyimbo tisa, zote kwa jumla hazifiki dakika 40. Watayarishaji wake walikuwa DJ Premier, Large Professor, Pete Rock, Q-Tip na L.E.S., na rapa mgeni alikuwa AZ peke yake. Baba mzazi wa Nas, mwanamuziki Olu Dara, alipuliza koneti mwishoni mwa wimbo huohuo wa AZ. Jarida la The Source liliipa maiki tano, alama ya juu kabisa, lakini sokoni haikupanda zaidi ya nafasi ya 12 kwenye chati ya Billboard 200. Kijana wa miaka 20 alikuwa amepewa heshima yote ambayo mtu anaweza kupewa katika fani yake, na bado wapo waliouza zaidi yake wakiwa na uwezo mdogo zaidi.

Ndipo akaja meneja Steve Stoute, na pamoja naye watayarishaji wawili, Poke na Tone, wanaojulikana kama Trackmasters, waliokuwa wametoka kufanya kazi kubwa katika albamu ya rapa LL Cool J ya 1995, Mr. Smith. Hawa walitengeneza karibu nusu ya nyimbo za It Was Written. Albamu iliingia moja kwa moja nafasi ya kwanza na ikakaa huko wiki nne, na The Source wakaipa maiki nne. Wanaomlaumu Nas husimama hapo na kukata shauri: mauzo yamepanda, maiki imepungua, basi mtu ameuza utu wake. Mimi nawaomba waendelee kusoma karatasi ya maelezo mpaka chini.

Tazameni wimbo wa nne, I Gave You Power. Aliyetengeneza mdundo ni DJ Premier, yuleyule wa nyimbo tatu za albamu ya kwanza. Humo Nas haongei kama mtu, anaongea kama bastola. Bastola inasimulia inavyofichwa, inavyopitishwa mkono kwa mkono, inavyochoka kuua watu isiowafahamu, na siku moja inakata shauri: leo nikivutwa, sitafyatuka. Mwenye nayo anakutana na adui yake, anavuta, inagoma, na yeye ndiye anayeanguka. Bastola inakuwa huru kwa muda mfupi tu, kisha mkono mwingine unaiokota kutoka chini. Mdundo wa Premier hauna sherehe yoyote, ni kinanda kidogo na ngoma zinazotembea pole kama mtu anayesindikiza jeneza. Nionyesheni mtu aliyejiuza kwa redio akaweka wimbo wa namna hiyo nafasi ya nne.

Kisha kuna watu wa nyumbani. Queensbridge ni mtaa wa nyumba za umma wenye majengo 96 chini ya daraja, na Nas aliuingiza mtaa huo katika albamu ya pili kwa mikono miwili. Havoc wa kundi la Mobb Deep alimtengenezea wimbo wa tisa na wa kumi na tatu, na katika huo wa kumi na tatu mwenzake Prodigy naye yumo. Kumbukeni kwamba Mobb Deep nao walikuwa wamejengewa heshima yao na albamu ya pili, The Infamous ya 1995, ambayo Nas mwenyewe alishirikishwa ndani yake. L.E.S. alirudi. AZ alirudi. Na wimbo wa sita, Take It in Blood, una mkono wa Live Squad, kundi la ndugu wawili ambao mmoja wao, Stretch, aliuawa kwa risasi huko Queens tarehe 30 Novemba 1995, miezi saba kabla albamu haijatoka. Wimbo huo ndio ninaoupenda kuliko yote kwa uandishi wa mistari, na sijawahi kuusikiliza bila kumkumbuka yule ambaye hakuwahi kuusikia ukitoka.

Lakini mtu ninayetaka tumtazame kwa karibu zaidi ni Cormega. Katika One Love, ule wimbo wa Illmatic uliotungwa kama barua kwa rafiki aliyefungwa, Nas anauliza habari za Cormega: je, umemwona, mko pamoja huko ndani? Hilo ni mwaka 1994, jina ndani ya barua. Mwaka 1996 jina limekuwa sauti, mtu ametoka gerezani na amesimama mbele ya maikrofoni, wa pili kwa zamu baada ya AZ, katika albamu inayokwenda kuongoza chati za Marekani. Mimi sijui tendo kubwa zaidi la urafiki katika muziki huu. Kisha wale wanne wa Affirmative Action wakawa kundi rasmi, The Firm, na albamu ya kundi ilipotoka mwaka 1997 Cormega hayumo. Kiti chake amekalia rapa mwingine, Nature.

Kuhusu Dr. Dre, rapa na mtayarishaji wa magharibi mwa Marekani, nitasema kwa ufupi. Mwanzoni mwa 1996 alikuwa ameachana na kampuni ya muziki ya Death Row, na uhasama kati ya rapa wa mashariki na wa magharibi mwa Marekani ulikuwa umefika pabaya. Wimbo wa saba, Nas Is Coming, unaanza na wao wawili wakizungumza juu ya uhasama huohuo. Kama mdundo, naona ni wa kawaida kwa mtu wa kiwango cha Dre. Kama tendo, kumwita mtu wa pwani ile katika mwaka ule kulihitaji kifua.

Na Lauryn Hill. If I Ruled the World ndiyo inayofunga albamu, na wengi waliijua kabla ya kuijua albamu yenyewe. Wazo la kiitikio linatoka kwa rapa Kurtis Blow, aliyekuwa na wimbo wa jina hilo mwaka 1985, na mdundo umejengwa juu ya wimbo wa kundi la Whodini uitwao Friends. Lauryn alikuwa na miaka 21, na The Score ya kundi lake la Fugees ilikuwa imetoka Februari ya mwaka huohuo. Angalieni kazi anayofanya. Nas anaorodhesha ndoto za mtu aliyefungiwa: angefungua kila selo ya gereza la Attica na kuwapeleka wafungwa Afrika, angemfanya Coretta Scott King, mjane wa Martin Luther King, meya wa miji. Mtu mmoja akiyasema hayo peke yake yanaweza kusikika kama maneno ya kijiweni. Sauti ya Lauryn inapoyapokea, yanakuwa dua.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanigusa. Mimi na rafiki yangu, yule ambaye kaka yake alileta kaseti, tulikuwa na kundi letu hapa Kigoma. Tulirekodi nyimbo sita za kwanza kwa fundi mmoja wa hapahapa, zikapigwa kidogo redioni, tukajulikana kuanzia Kibirizi hadi Katonga. Mwaka 2004 tukapanda treni kwenda kurekodi kazi ya pili Dar es Salaam. Mtayarishaji tuliyempata, ambaye simtaji, alisikiliza mara moja akasema sauti ya mwenzangu haiuziki, akafuta mistari yake katika nyimbo tatu na kuweka ya msanii aliyekuwa na jina wakati ule. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi la studio nikiwa na daftari letu mapajani. Sikusema neno. Nyimbo zile hazikufika popote, lakini hata zingefika nisingekuwa na raha nazo. Rafiki yangu hakughani tena. Ana mtumbwi wake Katonga, anavua dagaa.

Kwa hiyo naposikia watu wanasema albamu ya pili ya Nas ni habari ya midundo myepesi, naona wamekosa kitu kilicho wazi. Albamu ya kwanza mtu huifanya na waliopo karibu naye, kwa kuwa hana wengine. Ya pili anaweza kumwita yeyote, na hapo ndipo anapopimwa. Nas alipimwa akawaita Dre na Lauryn Hill bila kumtoa Cormega, Havoc wala L.E.S. Kosa lake lilikuja mwaka uliofuata. Karibuni tujadili.

---

Asali ya Miombo (Tabora) amejibu:

Kaka Mgebuka, asante kwa uzi wenye kazi ndani yake. Nimeusoma mara mbili chini ya mwembe, maana leo umeme ulikuwa umekatika na simu ndiyo iliyokuwa na chaji. Nakubaliana nawe juu ya Cormega na juu ya bastola. Ila kuna mahali umepita haraka, na naomba turudi hapo pamoja.

Umesema vizuri kwamba tujiulize mtu amewekwa wapi. Basi tuchukue wimbo wa kumi, Black Girl Lost. Ni wimbo wa Nas kumwonya msichana mweusi aliyepotea njia, anayetumiwa na wanaume na kudanganywa na vitu vya kung'aa. Nia yake naiamini. Lakini ni nani anayeimba humo? Ni JoJo wa kundi la Jodeci, mwanamume. Katika albamu hiyohiyo, kaka yangu, walikuwemo wanawake wawili wenye vipaji vikubwa kuliko wengi wa kizazi chao: Lauryn Hill, aliyewekwa mwishoni apendezeshe kiitikio, na Foxy Brown, aliyepewa nafasi ya kughani katika Affirmative Action, wimbo wa majambazi wa sinema. Wimbo mmoja tu katika albamu nzima unaomzungumzia mwanamke kwa urefu, na ndio huo ambao hakuna mwanamke aliyeitwa kuujibu. Hebu fikiria Lauryn angepewa ubeti mmoja tu humo. Miaka miwili baadaye, katika albamu yake mwenyewe ya 1998, alionyesha wazi kwamba alikuwa na mengi ya kusema juu ya jambo hilohilo, akiwa ndiye mwimbaji na ndiye rapa.

Kwa hiyo mimi siwalaumu Trackmasters kwa sababu ya redio. The Message, wimbo wa pili, ni kazi yao, wamechota gitaa la wimbo wa mwimbaji Sting na kulifanya lisikike kama limetungwa kwa ajili ya mistari ile, na hakuna mtu anayeuita wimbo huo mwepesi. Ninachowalaumu ni kwamba walijua kumpanga mgeni mahali atakapouza, si mahali atakapobadilisha maana ya wimbo. Premier hakufanya hivyo, kwa kuwa hakuhitaji mgeni. Havoc hakufanya hivyo, kwa kuwa mgeni alikuwa yeye mwenyewe. Tofauti hiyo inasikika katika albamu yote, na ndiyo sababu yangu ya kuiweka chini ya ile ya kwanza, ingawa naipenda.

Hata hapa nyumbani tumeona mgeni akibadilisha wimbo. Profesa Jay katika Mapinduzi Halisi, albamu ya pili baada ya Machozi, Jasho na Damu, alimshirikisha Juma Nature kwenye Zali la Mentali. Ajaribu mtu yeyote kuufikiria wimbo ule bila Juma Nature. Haufikiriki, kwa kuwa hakuwekwa pembeni ya hadithi, aliwekwa ndani yake.

Na samahani kwa kuligusa hili, lakini nimesikitika kwa ajili ya rafiki yako. Je, uliwahi kumwambia kwamba ulikosea?

---

Ndugu wa Ziwani (Ujiji) amejibu:

Shikamooni wakubwa. Nyongeza fupi tu. Mjomba wangu aliishi Bujumbura miaka mingi na kaseti zake zilikuwa za Kifaransa zaidi kuliko za Kiingereza. Kwake ndiko nilikousikia kwanza Affirmative Action, tena si huo mnaouzungumzia, bali ule uliorekebishwa pamoja na Suprême NTM, kundi la Joey Starr na Kool Shen kutoka Seine-Saint-Denis nje kidogo ya Paris. Nas yumo, na wao wanaghani kwa Kifaransa juu ya mdundo mwingine. Mimi nilikuwa mtoto, nikaamini kwamba Nas ni Mfaransa. Miaka kadhaa baadaye ndipo nilipousikia wa asili na kushangaa Wamarekani wameutoa wapi wimbo wa mjomba.

Nimelileta hili kwa sababu Dada Asali amesema wageni waliwekwa mahali pa kuuza. Inawezekana. Lakini wimbo wa watu wanne wa New York kupokelewa na vijana wa Saint-Denis, kisha ukafika Bujumbura na kuvuka mpaka kuja Ujiji ndani ya begi la mjomba, unaonyesha kwamba wimbo wenyewe ulikuwa na nafasi ya mtu mwingine kuingia. Nyimbo za Illmatic, kwa ubora wake wote, mimi naziona kama chumba ambacho kimeshajaa.

---

Kijana wa Gungu (Kigoma) amejibu:

Shikamoo kaka Mgebuka, shikamoo dada. Mimi nimezaliwa mwaka 2001, albamu hii nimeijua kwa simu na siyo kwa kaseti. Naomba kuuliza jambo moja. Umetuacha mwaka 1997, Cormega yuko nje na Nature yuko ndani. Je, waliwahi kupatana?

---

Mgebuka wa Mwanga (Kigoma) amejibu:

Marahaba mdogo wangu. Nianze na swali lako, kisha nije kwa dada yangu wa Tabora, ambaye amenifanya nikae kimya siku mbili kabla ya kuandika.

Hali ilikuwa mbaya zaidi kabla ya kuwa njema. Mwaka 2001, katika albamu ya Stillmatic, Nas alitoa wimbo uliowashambulia watu wa mtaa wake mwenyewe, Cormega akiwa mmoja wao, Prodigy na Nature vilevile. Yaani watu aliowaingiza studio mwaka 1996 sasa aliwataja kwa ubaya mbele ya dunia. Cormega alijibu katika albamu yake ya 2002 kwa wimbo ambao, kwa masikio yangu, una huzuni kuliko hasira, kama mtu anayehesabu alichopoteza. Prodigy alifariki Juni 2017. Kisha, Agosti 2020, Nas alitoa King's Disease, iliyotayarishwa na Hit-Boy, na ndani yake kuna wimbo uitwao Full Circle ambao wale wanne wa mwanzo, Nas, AZ, Foxy Brown na Cormega, wamo wote kwa pamoja, na Dr. Dre anasikika mwishoni. Karibu miaka 23 ilikuwa imepita tangu ule usiku wa kaseti yangu kukatika. Machi 2021 albamu hiyo ilimpa Nas tuzo yake ya kwanza ya Grammy, baada ya kuteuliwa mara nyingi na kurudi mikono mitupu.

Ndugu wa Ziwani, habari ya mjomba wako imenifurahisha, na hoja yako ya chumba nimeichukua kama ilivyo.

Dada Asali, kuhusu Black Girl Lost sina utetezi. Baada ya kusoma ulichoandika niliuweka wimbo ule jana usiku nikiusikiliza kwa makini mahali ambapo ubeti wa Lauryn ungeweza kukaa, na upo, baada ya kiitikio cha pili, mdundo ukiwa umepungua. Nimeusikiliza wimbo huo kwa zaidi ya miaka 20 bila kuliona pengo hilo. Mimi ndiye niliyeanzisha uzi wa kuuliza ni nani aliachwa mlangoni, na sikumwona aliyesimama pale. Nimesahihishwa na nashukuru. Ninapobaki na msimamo wangu ni kwenye If I Ruled the World tu. Hapo siamini kwamba Lauryn alipendezesha, naamini aliubeba.

Kuhusu swali lako la mwisho. Hapana, sikuwahi kumwambia. Tulikuwa tukisalimiana sokoni, nikinunua dagaa kwake na yeye akiniongezea kiganja, na habari ya studio haikuguswa na yeyote kati yetu. Full Circle ilipotoka nilimtumia kwa simu bila maelezo. Alisikiliza, nikaona alama zimegeuka buluu, hakujibu. Baada ya kuusoma ujumbe wako, jana jioni nilikwenda Katonga wakati mitumbwi inajiandaa kutoka. Nilimkuta anajaza mafuta kwenye taa. Nikamwambia kwamba siku ile kwenye kochi nilipaswa kusimama na daftari tukaondoka wote wawili. Aliendelea kumimina mpaka taa ikajaa, akaifunga, kisha akaniuliza: "Yule mmoja kwenye ule wimbo ulionitumia, ni Cormega yuleyule wa kaseti?" Nikamwambia ndiye. Akasema nimwekee tena, nikauweka, akausikiliza wote akiwa amesimama ndani ya maji, na ulipoisha akaniambia Jumamosi hatakwenda ziwani kwa kuwa ni mbalamwezi, nije na albamu ile ya 1996, nzima, isiyokatika.